Kibao cha Njia Panda Yetu

Braamfontein, Johannesburg

Kwako mke wangu Mama Tausi,

Salamu nyingi, zishinde wingi wa watu wa mji huu. Hujambo, na mguu umepona? Mimi mzima kabisa. Walinzi vijana wa jengo letu wanapiga miayo asubuhi, mimi mzee nimesimama getini kama nguzo. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sijaandikiwa na mtu, maana simu zangu hupokei tangu nilipomwambia mwenyekiti wa kitongoji kibao cha njia panda yetu kiandikwe Kwa Mzee Mponda, kisiandikwe Kwa Mama Tausi. Nilisema pori la pale nililifyeka mimi. Na kweli nililifyeka, hakuna aliyefyeka vile.

Sasa sikiliza. Ghorofa ya tatu anakaa mwalimu wa chuo, mama wa Kijerumani. Nilimuuliza kwao wapi, akasema Vogtland. Nikamwambia anipe maana, kwetu majina yana maana. Akanieleza kwa Kiingereza cha taratibu, nami nikakishika chote. Land ni nchi, na Vogt ni msimamizi aliyemtunzia mfalme ardhi zamani. Nchi ya wasimamizi. Nikasema basi ni kama sisi tunavyosema Kwa Fulani, na msimamizi wa pale ni mimi. Nikajiona nimeshinda kesi.

Yule mama akatikisa kichwa. "Baba, neno hilo lilitoka Kilatini, na huko maana yake ni mtu aliyeitwa. Hajiiti mwenyewe."

Eish, Mama Tausi, nilirudi getini nikalipima neno hilo mpaka zamu ikaisha. Mimi nilifyeka, halafu nikaondoka. Wewe ulibaki na genge lako, na abiria wa malori wakaanza kusema nishusheni Kwa Mama Tausi. Wewe umeitwa na watu. Mimi nimejiita kwa simu.

Jana nimemwambia mwenyekiti aandike jina lako, kwa herufi kubwa. Akalalamika kwamba langu limeshapakwa. Nikamwambia apake juu yake, na kwa kubishana hajanifikia.

Nisalimie binti yetu Tausi na mumewe fundi baiskeli, na wifi yako Hadija anayekusaidia gengeni. Jumapili baada ya kanisa nitapiga. Pokea, hata kama ni kunigombeza tu.

Ni mimi mumeo, kichwa kigumu,
Mponda