Sufu Kwenye Injini Siku ya Herini

Burul, mwache huyo farasi unayemkamua, soma hii kwanza. Nimeumbuka leo, nimeumbuka!

Tulikwenda Kochkor kumvisha Aijamal herini, ili awe mchumba rasmi wa mjukuu wangu Taalai. Sasa, fundi alishamwambia Taalai nyaya za injini ziko karibu mno na ekzosi, azivishe kitambaa kisichoshika moto. Mjinga akakata zulia langu la sufu akazifungia! Eti, "Bibi, sufu inazuia baridi, itashindwaje na joto?"

Sufu, Burul. Juu ya ekzosi.

Tumefika mlangoni kwa wakwe boneti linafuka moshi, harufu ya kondoo aliyeungua imejaa kijiji kizima. Baba wa binti akatoka, akanusa, akaangua kicheko, akasema, "Karibuni wakwe. Kondoo mmemchoma njiani kabisa?"

Njiani kabisa! Nilitamani kuingia kwenye buti nijifungie.

Bibi yao akaja mbio na ndoo ya maziwa ya mgando, akaimwaga yote kwenye injini. Gari likazima. Mama wa binti akanivuta kando: "Mama, samahani nikuulize. Huyu kijana wenu akili zake zimetimia?"

Herini zimelowa jasho mkononi, nikajua posa imekwisha.

Mara Aijamal mwenyewe huyo, anacheka mpaka machozi, akanisogezea sikio. "Nivishe upesi, Bibi, baba angali anacheka. Ila hizo nyaya nitazifunga mimi."