Boti ya Mzee Yasin

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Bosi, Osiako, amenipa boti. Mimi ninayekagua magari yaliyogongwa! Iko Matungu, inavusha watu Mto Nzoia. Shule ya ng'ambo imekataa watoto wapande boti isiyo na bima, na kampuni ya bima inataka kwanza kujua hali yake na thamani yake. Nilisema sijawahi kupanda boti. Akasema mbao ni mbao, nenda ukagonge.

Jumanne, 7 Oktoba

Sielewi.

Mwenye boti anaitwa Mzee Yasin. Alikuwa ameivuta nchi kavu na kuipindua. Nimegonga kila ubao kwa nyundo, nikachokora maungio kwa bisibisi. Ubao uliooza hutoa mlio mzito, kama kugonga godoro. Hizi zinalia safi.

Wenye magari hunificha kutu kwa rangi. Huyu ananitafutia ubovu.

"Gonga hapa, madam. Hapa kumeoza."

Nikagonga. Hakujaoza.

"Basi hapa."

Pia hapana.

Mkewe, Laila, alituletea obusuma, ugali wa kwao, na kuku, akauliza kazi inaendaje. Mzee akawahi kujibu: boti imezeeka. Laila akamtazama, akarudi jikoni.

Nikiondoka, Mzee alinifuata hadi barabarani. "Andika imeharibika. Isivushe tena."

"Kwa nini, Mzee?"

"Wewe andika tu."

Anataka kulipwa? Lakini bima yenyewe haijakatwa. Hakuna wa kumlipa. Sasa anapata nini?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimerudi Matungu kuiona boti ikiwa majini. Mzee alisimama nyuma akiisukuma kwa mti mrefu. Laila alikaa mbele. Abiria wanasema hakosi safari hata moja. Na anavyoongea! Jiwe limetokeza kushoto, gogo hilo linakuja, leo maji yamekula ukingo... Nilichoka kumsikiliza. Boti haikuingiza hata tone.

Ng'ambo, Laila alienda dukani kununua sabuni. Nikamuuliza Mzee tena.

Akaelekeza mkono tulikotoka. "Unaona nini kule?"

"Miwa. Na mama mwenye leso nyekundu."

"Mimi naona kijani tu."

Macho. Daktari amemwambia hayatapona. Hata uso wa mtu aliye karibu ni ukungu. Hajamwambia yeyote, hata Laila. Boti ikikataliwa, atakaa nyumbani kwa heshima. Akitaja macho, watamshika mkono kama mtoto.

Ripoti ina mahali pa mbao, misumari na lami. Mahali pa mtu hakuna. Nikiandika mbovu, nimedanganya. Nikiandika nzima — na wale watoto?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeandika "nzima". Nimefuta. Osiako anaulizia ripoti. Nimemwambia picha zinakataa kufunguka. Uongo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Laila amekuja ofisini asubuhi, peke yake, kutoka Matungu mpaka hapa mjini.

"Andika ni nzima, mwanangu."

Nikasema mbao si shida, kuna jambo lingine. Nikakwama. Siri si yangu.

"Macho yake?" akasema. "Nilijua kabla yake. Unadhani nakaa pale mbele kufanya nini?"

Kumbe lile jiwe, lile gogo, yote alikuwa akimtajia Mzee.

"Asijue kwamba najua," akasema. "Akitolewa kwa boti atakwisha."

"Na siku ukiugua, mama?"

Akatazama mikono yake. "Bado sijaugua."

Ndipo tukasikia hodi. Mzee Yasin. Alikuwa amemwambia Laila anaenda shambani. Laila naye alikuwa amemwambia anaenda kliniki. Mwenye boda amemfikisha hadi mlangoni. Mzee amekuja kuulizia ripoti; akapapasa benchi, akaketi. Kando ya Laila kabisa.

Akageuka upande wake, akainamisha kichwa kwa adabu. "Asalam aleikum, mama."

Laila ameziba mdomo kwa leso. Akijibu, atajulikana kwa sauti. Ananitazama, machozi yanamtoka, anatikisa kichwa: nisiseme.

Nimevuta shajara ili mikono iwe na kazi. Mzee anadhani naandika ripoti, amesema hana haraka.

Sasa amegeuka tena kwa Laila. Anasalimia mara ya pili, polepole zaidi, labda mama huyu hakusikia.