Mwalimu Asiyekata Kushoto

Mpendwa Don Evelio,

Nisaidie, maana nimefika mahali ambapo mtu mzima wa miaka hamsini na sita anapanga safari zake zote kwa mkono wa kulia. Nina kigari cha Kifaransa cha mwaka themanini na tatu, kile ambacho hapa Manizales kila mtu hukiita rafiki mwaminifu, na tangu Novemba kila nikikata kona kali ya kushoto nasikia huko mbele ta-ta-ta-ta, na nikipita kwenye shimo kinagonga ko, mara moja tu, kama mtu aliyebisha hodi kisha akaghairi, basi nikaona dawa ni kutokata kushoto, nikawa naenda shuleni kwa kuzungukia kulia, sokoni kulia, kanisani kulia, na kwa kuwa nafundisha jiografia nilijisifu moyoni kwamba nimegundua mji mzima waweza kuzungukwa hivyo, isipokuwa mtaa mmoja.

Mtaa huo ndio anaokaa Doña Nubia. Unapanda kilima kwa gia ya kwanza, kulia ni korongo, kushoto ni kwake, njia nyingine hakuna. Kwa miaka mitatu nilikuwa nampitia kila Jumapili, naye anatoka na kile kiti cha kukunja cha marehemu mama yake, tunakwenda hadi kule ukingoni ambako siku isiyo na mawingu mlima wa theluji unaonekana wote, yeye anakaa kwenye kiti, mimi kwenye bampa, tunakunywa maji moto ya sukari guru na vipande vya jibini ndani yake, na hatusemi kitu, Don Evelio, sijawahi kumwambia neno hata moja la maana, nilidhani Jumapili haziishi.

Jumapili ya mwisho, nikikata kuingia kwake, ta-ta-ta-ta, akainama kuchungulia miguuni mwake, akauliza, "Mwalimu, nani anatafuna njugu huko chini?"

Nikacheka.

"Mimi sicheki," akasema. "Kalitengeneze kwanza. Nitakungoja."

Nikaondoka nikiwa na nia ya kwenda gereji kesho yake, na kesho hiyo sasa ina miezi minane, kwa sababu naogopa fundi ataliinua gari, atazame chini, atikise kichwa kama wanavyotikisa, aseme limekwisha, nami bila gari ni nani, ni mzee mwenye goti bovu na ramani nyingi. Badala yake nilichukua chupa ya maji ya baraka niliyoibakiza mwaka jana siku ya Bikira wa Karmeli, mlinzi wa madereva, nikalimwagia gurudumu la kushoto, maana kelele ni ya kushoto. Haikusaidia.

Sasa zimebaki wiki tatu siku ya Bikira ifike tena, madereva wote tupite mbele ya padri na magari yetu yaliyopambwa, na langu miaka yote mitatu amelipamba Doña Nubia kwa maua ya karatasi. Jana muuza mikate akaniambia, "Mwalimu, Doña Nubia ameniuliza kama umekufa. Nikamwambia wapi, ananunua mikate minne kila asubuhi. Akasema basi mwambie kiti bado kiko mlangoni. Lakini maua mwenye lori la maziwa ameshayaomba, naye Doña Nubia bado hajamjibu."

Don Evelio, naikosa Jumapili. Naikosa hata ile harufu ya petroli iliyochanganyika na jibini. Niambie kweli, gari hili litapona?

Wa Mkono wa Kulia, Manizales

*

Mwalimu,

Gazeti hili liliniajiri kujibu maswali ya magari, na katika mambo ya mapenzi mimi si wa kutegemewa: nimeoa mara mbili na nimepindua lori mara moja, na lori ndilo lililonisamehe upesi. Kwa hiyo naanza na gari.

Ulilimwagia maji gurudumu lisilo na kosa. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likikata kushoto, mzigo unaegemea kulia, na anayelia ni kile kiungo cha mwisho wa ekseli ya kulia, mafundi wanakiita sivi jointi. Mpira unaokifunika umechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia, na gololi za ndani zinasagana. Njugu ndizo hizo. Doña Nubia ana sikio kukushinda. Mshukuru Bikira kwa kukukosesha shabaha, maana maji, hata ya baraka, hayana kazi njema ndani ya kiungo hicho. Na fundi akikuambia grisi mpya itatosha, mshukuru naye uondoke. Kikishaanza kulia, kinabadilishwa. Ni kazi ya asubuhi moja. Gari halitupwi kwa hilo, kama wewe ambavyo hukutupwa kwa goti.

Kinachonitia hofu mimi ni ile "ko", uliyoitaja kwa pumzi moja kama kitu cha kupita. Simamisha gari mahali tambarare, ukipapata katika mji wa vilima vitupu kama Manizales. Piga jeki upande wa kulia, weka gogo imara chini ya chasisi, usiiamini jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki, utikise tena. Likitulia, ni beringi. Likiendelea kucheza, ni boli jointi, kile kifundo kinachoshikilia gurudumu, na boli jointi ikichomoka gurudumu linalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka, nawe uko kwenye kilima chenye korongo kulia. Huko kulia kwako, mwalimu, ulikokuona kuna usalama. Fanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Mpaka hapo usiliendeshe tena hata kwenda kununua mikate. Mwite fundi aje nyumbani. Akishabadilisha vilivyokwisha, mwambie apange magurudumu yakae sawa, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja.

Litapona. Sasa rudi juu usome tena. Mtu akanyage breki, nimeandika. Mwenye kutikisa gurudumu hawezi kuwa ndiye mwenye kukanyaga. Kazi hii ina watu wawili tangu magari yaanze. Wewe miezi minane umelitengeneza peke yako, tena kichwani. Mwanamke kasema kalitengeneze, nitakungoja. Hakusema usionekane. Yeye kalalamikia njugu, wewe ukasikia talaka, na hata kuoana hamjaoana.

Barua yako ilikawia njiani, na sasa zimebaki siku kumi siku ya Bikira ifike. Leo ni Jumamosi. Ukimaliza kusoma, vaa viatu vyenye soli nzuri upande kile kilima kwa miguu. Pumzika mara mbili kwa ajili ya goti. Ukifika, kata kushoto. Hotuba usiianze, huijui. Mwambie tu umekuja kwa sababu huna mtu wa kukukanyagia breki.

Na mkiteremka, kiti ukibebe wewe. Fundi atachelewa, sisi mafundi sote huchelewa, na Doña Nubia atahitaji pa kukaa akikata maua ya gari lako.

Don Evelio