Hapa Amelala Hayupo

Wasomaji wangu, kabla sijaifungua barua ya leo niacheni nijisifu kidogo, maana kalamu yangu haifanyi kazi bila kupashwa moto. Mimi nimezaliwa na bahati. Shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, nikaenda kuosha masufuria melini, nikaizunguka dunia mpaka dunia ikanizoea, na kila bandari tuliyotia nanga mimi ndiye wa kwanza kukimbilia kibanda cha simu kumpigia baba yangu mzazi. Wenzangu wamepanga foleni nyuma wananisikia: "Shikamoo baba! Ndiyo baba! Hapana baba, nimekula, nimeshiba!" Wakanibandika jina, Mtoto wa Baba. Nani kati yenu ana baba wa kumuuliza kama amekula akiwa upande wa pili wa dunia? Haya. Sasa tusome barua ya dada huyu, ambaye hakugawiwa bahati kama yangu.

*

Mpendwa Baba Mkubwa, naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka nimalize, nikimaliza cheka utakavyo maana hata mimi nilicheka kabla sijalia. Mimi ni mama wa makamo, nachapa maandishi kwenye fulana, chumba cha mbele nina mashine na chumba cha nyuma analala mama yangu, amepita sabini, miguu imekataa kazi, na ana ombi moja tu lililobaki, anataka kujua baba yake alikuwa nani na amezikwa wapi. Mama hakumjua baba yake. Bibi yangu aliyemzaa alifariki mama akiwa hajaanza shule, akazikwa kule nyuma kabisa ya makaburi ya mji, kwenye majani marefu, hatujafika siku nyingi, na mama akalelewa na mama yake mdogo aliyekuwa mkali kama pilipili, ukimuuliza baba yangu nani anakujibu Hayupo, ukirudia unachapwa. Na cheti cha mama cha kuzaliwa, pale penye jina la baba, kimeandikwa Hayupo. Mama akaona majibu mawili yamekutana, akatulia, na Hayupo ndilo jina lake la shuleni, la kazini na la kadi ya hospitali mpaka leo. Najua unavyotufikiria, lakini Baba Mkubwa, kuna watu wanaitwa Shida, kuna watu wanaitwa Tabu, kuna akina Mashaka wana magorofa, sasa Hayupo ina ajabu gani, na sisi nyumbani tulikuwa tunalivuta mwanzoni, Haayupo, likasikika kama jina la mtu mwenye mashamba.

Basi nikaenda ofisi ya vizazi na vifo kumtafuta babu, dada wa masjala akaniletea vitabu vya zamani vinavyonuka unyevu, nikafunua mpaka nikakuta mstari wa mama, nikaguna kwa furaha, nikaendelea kufunua, nikakuta Hayupo mwingine. Mtoto wa kiume, baba Hayupo. Mapacha, baba Hayupo. Wodi ile ile, miaka inayofuatana, mama tofauti, baba ni yeye tu. Nikamwambia dada wa masjala, babu yangu alikuwa jogoo, naye huku anapiga mihuri yake akanijibu, "Dada, huyo hakuwa anapumzika." Nikatoka pale natembea kifua mbele.

Nikaanza kuwasaka hao watoto, ambao sasa ni wazee, kwa simu, kwa kuulizia mitaani, nikampata mwalimu mstaafu, nikampata kinyozi, nikampata muuza magodoro, na wengine, na wote walikuwa wamekaa maisha yao yote na jina lile bila kujua la nani. Tukakumbatiana, tukalia, tukakaguana, tukaona wote tuna masikio makubwa, na asiye na masikio makubwa tukasema huyo amefuata upande wa mama yake. Tukafungua kundi la simu. Nikachapa fulana za kijani, kifuani UKOO WA HAYUPO, mgongoni TUPO! Muuza magodoro, ambaye kwangu ni mjomba sasa, alikuja nyumbani na godoro jipya kichwani, akalitua, akapiga magoti kando ya kitanda akamwita mama "dada yangu", na mama akamshika masikio yote mawili akasema, "Nimechelewa kupata ndugu, lakini ona, amekuja na godoro." Tangu siku hiyo anakuja kila jioni akifunga duka, anamsomea magazeti, na mama ile fulana haivui, analala nayo.

Tukapanga mkutano wa ukoo kwenye ukumbi wa shule. Mama hakuweza kuja. Kinyozi alimleta mama yake mzazi, bibi kizee wa kiti cha magurudumu, tukamweka mbele kwa heshima kama mmoja wa wajane wa babu, tukamwamkia mmoja mmoja, naye anatutazama fulana.

Akauliza, "Wanangu, hapa kuna nini?"

Mwalimu akamjibu kwa sauti ya darasani, "Shikamoo mama. Tunamtafuta Hayupo."

"Kama hayupo mnamtafutia nini?"

Tukacheka wote, tukadhani bibi anatania. Mwalimu akainama, "Mama, Hayupo ni baba yetu. Mume wako."

"Mume wangu! Mimi nilikuwa na mume?" Akamgeukia kinyozi. "Wewe ndiyo umewaambia hivi?"

Kinyozi akasema, "Mama, si ndivyo kilivyosema cheti?"

Bibi akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na kicheko chenyewe si kizuri. Akasema, "Nilikwenda dirishani na wewe mgongoni. Karani hata kichwa hakuinua. Akasema, baba wa mtoto? Nikamwambia hayupo. Akaandika. Alikuwa na bosi mkali, nafasi ikibaki wazi karatasi inarudishwa, kwa hiyo alikuwa anaandika chochote utakachosema. Nilijua nimemjibu swali, kumbe nimempa jina." Akatutazama wote, fulana zote za kijani. "Jamani, hayupo si mtu. Ni jibu. Tulilijibu wengi."

Baba Mkubwa, pale ukumbini tulisikia mpaka maji yakichemka jikoni. Mwalimu akavua fulana palepale akabaki na singlendi, akaikunja vizuri akaiweka kwenye kiti akatoka. Kinyozi akaanza kugombana na mama yake kwamba amemwaibisha. Kabla sijafika nyumbani, simu inalia kwenye pochi, fulani ameondoka kwenye kundi, fulani ameondoka kwenye kundi.

Nimeingia chumba cha nyuma, mama anauliza, "Walikuja wengi?" Nikamwambia walijaa. Akasema, "Baba alikuwa mtu wa watu."

Tumebaki mimi na mjomba wa magodoro. Ananiambia, "Usimwambie. Nimefika umri huu bila dada, sasa ninaye, unataka kuninyang'anya?" Mama sasa anataka kupelekwa kaburini kwa baba yake, anasema ndiyo safari yake ya mwisho, na mjomba ameshafanya mipango, ameona kaburi la zamani karibu na geti lisilo na jina wala mwenyewe, safi, na ameshachongesha jiwe, HAPA AMELALA MZEE HAYUPO. Fundi wa mawe alimuuliza, "Mzee, sasa yupo au hayupo?" Mjomba akamwambia achonge aache maneno. Gari limekodiwa Jumapili. Jana mama ameniomba nimfulie ile fulana ikauke mapema, halafu akaniuliza, "Nikifika pale nimwite baba, au nimwite mzee? Maana hatujazoeana." Nikaenda chumba cha mbele nikawasha mashine bila kitambaa, ili asinisikie. Nimpeleke kwenye lile kaburi afurahi, au nimwambie nimuue kwa uchungu? Nisaidie, sina wa kumwambia.

Mimi, Mchapa Fulana

*

Dada Mchapa Fulana, nimecheka, si uliniruhusu? Nilicheka mpaka pale kwenye jiwe. Pale mama yako alipouliza amwite baba au mzee, niliweka karatasi mezani nikaenda kunywa maji. Pole, mdogo wangu. Pole ya kweli, naitoa kabla sijaanza kukugombeza, kwa sababu nikishaanza sirudi nyuma.

Ulikaa masjala ukavuta vumbi la watu wote, ukamtafuta mwanamume ambaye hakuwa hata na adabu ya kuacha jina. Sawa. Lakini kwenye mstari ule ule, kando ya huyo Hayupo wako, kulikuwa na jina la bibi yako, limeandikwa kamili. Ulilisoma? Mimi nimeisoma barua yako mara mbili, fulana naziona, masikio nayaona, hata maji ya jikoni nimeyasikia yakichemka. Jina la bibi yako sikuliona popote.

Sasa mtazame bibi yako pale dirishani. Msichana, mtoto mgongoni, foleni nyuma yake imetega masikio, hayo masikio makubwa mnayojivunia. Anaulizwa baba wa mtoto. Angeweza kutunga. Angeweza kusema amesafiri, amekufa, ni mkubwa fulani. Akasema hayupo. Katika kitabu kizima hicho hakuna neno la kweli kama lile, na karani, kwa kuogopa bosi wake, akaligeuza kuwa mwanamume. Nyie mkaja mkamchapia fulana.

Hesabu basi mlichomfanyia kila mmoja. Aliyekimbia amepata jina, ukoo, ukumbi, watoto wa bure wa wanaume wenzake, na sasa anachongewa jiwe, tena karibu na geti, mahali pazuri. Aliyebaki akalea mpaka akafa, amepata majani marefu. Na wewe unaniuliza umpeleke mama yako upande gani wa makaburi? Una haya kweli?

Halafu huyo mjomba wako wa magodoro. Ana moyo, simkatai. Ila mwambie hivi kutoka kwangu: Mzee, dada hujanyang'anywa. Mtu anayefunga duka kila jioni kwenda kumsomea mgonjwa magazeti hahitaji damu wala cheti, ameshakuwa ndugu, na wapo ndugu wa tumbo moja ambao hawajui hata mlango wa chumba hicho uko upande gani. Lakini ukimpeleka akalie juu ya maiti ya mtu baki, ukasimama hapo unamshika mkono, siku hiyo ndipo utakapokuwa mtu baki na wewe. Na usishangae fundi wa mawe akisimulia kisa hiki kijiwe kizima. Lile ni jiwe la kuchekesha, litachekwa mpaka barabarani, na mama yako atakuwa ndani ya kicheko hicho bila kujua.

Usiniambie ati mama atakufa kwa uchungu. Mtu aliyelelewa kwa kuchapwa kila akimuulizia baba yake ameshayameza makubwa kuliko ulimi wako. Wala usijidanganye kwamba labda anajua tayari. Watu hupenda sana kuniandikia hivyo, ili wasiseme wao. Hajui. Ameuliza amwite nani. Anayejua haulizi hivyo. Utamwambia, na itauma, anaweza kugeukia ukutani asikujibu siku nzima, anaweza hata kukutukana. Kaa hapo hapo. Mashine isiwashwe.

Fanya hivi. Jumamosi asubuhi, akishakunywa chai, wewe na mjomba kaeni naye kitandani. Usianze na babu. Anza na bibi, mtaje kwa jina lake, halafu msimulie dirisha, karani na lile jibu, kama alivyosimulia mama yake kinyozi, usiongeze chumvi na usipunguze. Ukimaliza nyamaza. Mjomba asiondoke.

Gari la Jumapili lisivunjwe. Kabla yake tafuta watu wa kufyeka, nendeni nyuma ya makaburi mkalitafute kaburi la bibi, na kama mmelisahau lilipo, muulizeni mlinzi wa makaburi na mwone aibu huku mnamuuliza. Lile jiwe lipelekeni kwa fundi, aligeuze. Nyuma ni tupu. Achonge jina la bibi yako, na chini yake achonge, ALIBAKI. Hapo ndipo utakapomsukuma mama yako kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, na hatakuwa na haja ya kuuliza amwite nani, maana huyo walizoeana, ingawa kwa muda mfupi.

Fulana muache aivae. Kifuani ni uongo wa karani, mgongoni ni kweli tupu, na kwenye picha mpigeni kwa nyuma. Na mama yake kinyozi kamwombeni radhi, mwanawe amemgombeza mbele ya ukumbi kwa kosa la kusema kweli mara ya pili.

Najua utasema Baba Mkubwa ni mkali, yeye mwenye baba wa kumpigia kila bandari anajua nini kuhusu kumtunga mtu. Ile habari ya simu niliyojisifia pale juu ni uongo. Baba sikumjua, namba sikuwa nayo, nilikuwa nainua mkono wa simu naongea na mlio.