Jumamosi Baba Hatakuja

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama kapaka mlango rangi, paka kauegemea.

Jana ulinichefua. Wiki iliyopita ulifunga vikapu mpaka chuo kizima kikakubeba juujuu. Jana hata pasi za mkononi zilikuponyoka. Waliokaa nyuma yangu na baba wakapiga kelele, "Mtoeni huyo mzigo!" Baba akageuka, akawaambia kwa upole, "Huyo ni mwanangu."

Usiniambie tena habari za goti. Kila baba akija kutoka karakana na ovaroli yake iliyotobolewa na cheche, mikono yako inakufa ganzi. Nilikuona ukikwepa kutazama jukwaani.

Nimemwambia baba Jumamosi hakuna mechi. Kafurahi, eti goti lako litapumzika. Basi cheza, bwana mkubwa. Hakuna atakayekutia aibu.

Dada yako