Chati ya Wateja Walioridhika

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshinda! Kikao asubuhi nzima, koo limekauka, lakini mpango umepita. Mkurugenzi wetu — tunamwita Mzee Fulana, mwenyewe hajui — kwake uhusiano na umma ni kugawa fulana na kofia, basi. Jina la jiko letu kwenye kifua cha kila mpita njia. Nikamuuliza kwa adabu zote: fulana za mwaka jana zilituletea nini, mzee? Akaangalia dari. Mhasibu akakohoa.

Nikamwaga hoja yangu. Kwanza tujue tunataka watu waseme nini kuhusu majiko yetu ya gesi. Pili, tunataka nani aseme. Tatu, tutajuaje kama wamesema. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda. Kazi hii imejaa maneno matamu, nami nimechoka kuonekana muuza maneno. Nataka kipimo.

Malengo mawili tu: waandishi wa habari waje tunapowaita, na malalamiko ya simu yapungue kwa nusu ifikapo mwisho wa Mei. Mzee Fulana amelipenda neno nusu. Alikuwa bado analirudia tukishuka ngazi.

Alhamisi, 13 Machi

Kutwa kwenye chumba cha simu. Hakina dirisha, feni inazungusha joto lile lile. Mkuu wa kitengo, Sauti — jina kapewa na wenzake, maana anaongea na mteja mwenye hasira mpaka anapoa — kanikalisha nisikilize. Simu nyingi, ila nyingine si malalamiko kabisa! Huyu anauliza duka liko wapi. Yule jiko haliwaki, kumbe mtungi mtupu. Wote wanahesabiwa walalamikaji. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Nimewawekea utaratibu. Mteja akipewa maelekezo, akayapokea, akaaga kwa kushukuru — hilo ni ulizo, limejibiwa. Akikata kwa hasira au akidai kurudisha jiko — lalamiko. Rahisi.

Wakati nafunga mkoba Sauti akasema, mbona hawa wa harufu ya gesi kwenye koki wamekuwa wengi? Nikampigia fundi mkuu palepale. Anasema wateja hawakazi vizuri, waambiwe wakaze. Haya. Tumeongeza kwenye maelekezo: kaza koki, fungua madirisha.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempelekea mdogo wangu zawadi ya nyumba mpya. Jiko letu la plate mbili, na mtungi umejaa! Kanikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Shemeji akataka kulifunga mwenyewe, akashindwa, akajifanya anatafuta bisibisi. Majirani wakaja kuangalia. Wawili wamesema watanunua. Mdogo wangu anawaambia, huyu dada yangu ndiye anayelisemea redioni, nyinyi mna wasiwasi gani?

Ofisini mstari wa malalamiko unashuka vizuri. Nalala usingizi siku hizi.

Ijumaa, 30 Mei

Nusu? Zaidi ya nusu! Mzee Fulana kaagiza keki na soda, kanipa kipande cha kwanza, kaniita mwanangu mbele ya watu. Chati imetiwa fremu, imetundikwa mapokezi: wateja walioridhika, mstari wa kijani unaopanda. Hata mhasibu kacheka, na mhasibu hacheki.

Sauti hakufungua soda yake. Nikamuuliza, akasema kichwa. Nilitaka kumfuata. Watu wakanivuta kupiga picha.

Jumatano, 4 Juni

Jiko limelipuka.

Mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba ya kupanga, chumba na jiko. Alikuwa anachemsha chai ya asubuhi kabla ya kwenda kazini. Yuko hospitali — uso, mikono. Mume alikuwa bafuni, ndiyo maana mzima.

Mzee Fulana anataka taarifa kabla ya saa sita. Nimeandika: tumepokea kwa masikitiko, tunachunguza, usalama wa mteja ni wa kwanza kwetu. Vidole viliandika vyenyewe. Hata sikusitasita, na hilo linanitisha.

Mchana Sauti kaniita chumba cha simu, kafunga mlango, kanipa vifaa vya masikioni. Mwalimu alitupigia. Si mara moja. Kwanza anasema anasikia harufu. Halafu anasema amekaza mpaka kiganja kimechubuka. Mara ya mwisho anaanza kwa kuomba radhi, najua nawasumbua. Na kila mara, mwishoni, kwa sauti ile ya darasani: haya, asante sana dada, kazi njema.

Maulizo. Yamejibiwa. Yeye naye yumo kwenye mstari wa kijani.

Sauti alikuwa analia. Akaniambia: “Nani kati yetu anakata simu bila kushukuru? Hata akikujibu ovyo unashukuru! Wewe kwa ulivyolelewa, ungeweza?”

Nikamuuliza, hawa wa koki jumla wako wangapi. Akanielekeza kidole ukutani, kwenye nakala ya chati. “Ile nusu iliyopungua, ndio hao.”

Utaratibu ni wangu. Neno kwa neno, wangu. Najichukia leo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempigia mdogo wangu kabla sijanawa uso. Koki inanuka? Kidogo, anasema. “Nilishapiga kwenu, wakaniambia nikaze. Sikutaka kukusumbua dada, una kazi nyingi.”

Nikakaa sakafuni. Usiwashe kitu, nikamwambia, wala taa! Fungua mlango, shemeji atoe mtungi nje, sasa hivi, nasikiliza. Nikasikia ukiburutwa kwenye sakafu. Nikasikia shemeji akinung'unika atakunywa nini asubuhi.

Halafu akauliza: majirani walionunua je, niwaambie?

Nikasema ngoja kwanza.

Ngoja kwanza! Mimi! Wa kwangu ameshatoka, wa wenzangu wangoje ruhusa ya ofisi. Sijui hata nilijifunza lini kusema hivyo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Fulana. Wateja warudishe majiko yote, tutangaze leo redioni. Fundi mkuu alikuwapo. Kaulizwa mara moja tu, akaangalia viatu vyake: mpira wa koki za shehena tunayouza sasa unapasuka ukipata joto. Amejua tangu Aprili. Hakusema kwa sababu malalamiko yalikuwa yanapungua — akadhani limekwisha lenyewe.

Mzee Fulana hakupandisha sauti. Afadhali angefoka. “Tukisema warudishe, tumekiri. Kiwanda kikifungwa, watu wote hawa watakula wapi?” Kesho tunaita waandishi wa habari. Nianze na chati. “Chati si yako, mwanangu? Wewe ndiye uliyetufundisha kupima.”

Nilisema ndiyo mzee. Mdomo huu.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika nikiwa chooni, ghorofa ya pili. Nimejifungia.

Waandishi wamejaa mpaka viti vimepungua. Tulipozindua jiko walikuja wachache, wakala wakaondoka. Leo lengo la kwanza limetimia, tena kupita kiasi! Redio wanarusha moja kwa moja. Nilisimama na chati mgongoni, nikasoma mistari miwili. Mwandishi wa redio, mama mtu mzima, akanyoosha mkono. “Chati tuiache kidogo, dada. Una ndugu anayepikia jiko hili? Umemwambia nini?”

Nikafungua mdomo. Mzee Fulana akachukua kipaza sauti: mapumziko mafupi, chai ipo nyuma.

Kwenye korido kanishika kiwiko. Sema unaye, na anapikia kila siku. Sentensi moja tu, mambo yaishe. Hakuniuliza kama ninaye kweli.

Simu inatetemeka. Mdogo wangu. Redio ipo wazi kwake, kaita majirani waje wamsikie dada yake, sebule imejaa. Wameacha sufuria motoni huko makwao. Wanauliza hayo mapumziko yanaisha saa ngapi.

Nimemwandikia: Wakimbie wakazime. Wote. Watoe mitungi nje.

Ujumbe umekwenda. Ameusoma.

Anajibu: Wanakimbia. Na wengine, dada, wasio na namba yako?

Mzee Fulana anagonga mlango. Redio wanasubiri, anasema, toka mwanangu. Nimefungua bomba la maji asisikie ninavyohema.