Mgeni Anayekula Kwenye Sahani ya Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Najua unajiuliza mwanao kapatwa na nini hata aandike barua, na simu umeifunga kwenye pindo la khanga. Mimi mzima, ila joto la Dar es Salaam limekataa kunizoea. Wewe mguu unaendeleaje? Kile kilima cha kanisani bado unakipanda? Na kahawa imechanua?

Jambo hili nilijaribu kulisema kwenye simu, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Barua nimempa konda wa basi, mdogo wangu Elisaria ataipokea pale Maji ya Chai. Vaa miwani uisome mwenyewe, asikusomee mtu.

Kazi yangu unaijua juu juu. Ukiulizwa unasema, "Anaeli anashughulika na ndege," na watu wanaridhika. Ukweli ni kwamba nakamata kunguru na kuwaua. Si wale wetu wenye kifua cheupe. Hawa wana shingo ya kijivu, waliletwa pwani zamani kutoka ng'ambo ili wale takataka. Takataka wakala, kisha wakahamia kwenye viota vya wenzao. Wanakula mayai, wanakula makinda, hata kifaranga cha kuku wanakibeba mama yake akiangalia. Mtaani kwangu asubuhi husikii mnana wala chozi wala ndege mwingine mdogo. Ni kwaa, kwaa, basi. Nilipofika nilidhani ndege wengine wamenyamazishwa na joto.

Tunawatega kwa kizimba cha wavu, chenye mdomo wa kuingia usio na kutoka. Nyama peke yake haitoshi, maana kunguru ana akili kuliko baadhi ya majirani zangu. Lazima awemo mwenzao ndani, hai, ameshiba, ana maji safi. Wakimwona anakula kwa raha wanaona kumbe hapa ni salama, wanaingia. Huyo ndiye chambo. Wetu tumempa jina Mzee wa Kanisa, kwa kuwa kazi yake ni kukaribisha watu mlangoni. Namlisha kwa mkono wangu kila asubuhi, na usicheke, mama, nimemzoea. Wale wa nje wananijua kwa sura. Nikitoka tu nyumbani wananipigia kelele hadi kituoni, na mtaa mzima unajua Anaeli ameenda kazini.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Mwezi uliopita ulinipigia ukicheka. Tangu baba atutoke sikuwa nimekusikia ukicheka vile. Ukasema, "We Anaeli, nimepata mgeni! Ni ndege tu, lakini asubuhi anagonga dirisha anadai chakula kama baba yako na chai yake. Nimemwita Mgeni. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?" Ukanieleza unavyomwekea loshoro yako ya mahindi na maziwa mgando kwenye sahani ya bati ya baba, naye anakula mlangoni pa jiko wewe ukimenya ndizi.

Nilifurahi mpaka Elisaria aliponitumia picha ya huyo Mgeni. Shingo ya kijivu, mama. Nadhani alidandia lori la mizigo toka pwani, akashukia hapo barabarani.

Utasema yuko peke yake, atamdhuru nani? Hata huku walianza wachache, na malori hayajaacha kuja. Siku akishuka wa pili, wakajenga kiota kwenye miti ya kivuli ya kahawa yetu, utakuja kumtafuta yule kurumbiza ambaye baba alikuwa akimwitikia kwa mluzi, na hutamsikia. Naye alikuwa hapo kabla yetu sote, hana kwao kwingine.

Ningeweza kukudanganya. Ningekuambia endelea kumlisha, nije nimalize shughuli ukiwa ibadani, kisha nikwambie karudi kwao. Nimeshindwa. Naumia, mama. Umepata kitu kimoja cha kukuchekesha, na mwanao ndiye anayekuja kukiondoa.

Kwa hiyo nakuomba ukiwa unajua: usimfukuze. Ukimfukuza atahamia Usa River au kwingine, hatutampata tena. Mlishe pale pale mpaka nije mwisho wa mwezi. Mimi hatanisogelea, kunguru hamwamini mtu asiyemjua. Wewe anakuamini. Ndiyo sababu siwezi kuifanya kazi hii bila wewe, na ndiyo sababu naona haya kukuomba.

Siku hiyo usimwite. Weka tu chakula mahali pake, ila kiweke kwenye jani la mgomba, si kwenye sahani ya baba. Kisha uende zako kwa shangazi. Yaliyobaki ni yangu, na nitafanya haraka. Moyo ukikataa, niambie. Nitakuja hivyo hivyo.

Likizo yangu nimeiomba yote kwa mkupuo. Asubuhi nitagonga dirisha mimi, unipe chai, na ukitaka kunisema vibaya nitakaa nisikilize mpaka umalize.

Msalimie Elisaria na shemeji yangu, mkewe. Shangazi mwambie dawa yake ya kuchua magoti nimeipata. Wasalimie wanakwaya wenzako wa sauti ya pili, na mzee jirani anayekupalilia kahawa. Wote wape salamu zangu.

Mgeni tu ndiye usimpe.

Mwanao,
Anaeli